Pembeni mwa Kitabu cha Buluu

Goma, Mabanga, tarehe 14 mwezi wa sita 2025

Samy mwanangu,

Benny dereva alifika jana na kifurushi chako. Ulikifunga kwa nguo tatu na plastiki juu yake, nikadhani umenitumia mayai. Kumbe ni kioo. Dada yako Rosine alikifungulia mezani, binti yake Bénie akakibonyeza kabla yangu, na mara picha yako ikatokea ukicheka. Nashukuru. Nasema hivyo mapema ili usije ukaruka mstari huu ukabaki na yale yanayofuata.

Unaandika kwamba ndani ya tableti hii umeweka vitabu mia nne. Mimi nilifundisha miaka thelathini na nne, watoto hamsini na kitu darasani na kitabu kimoja mbele yangu. Mia nne nitavifanya nini? Hata hivyo nimefungua kimoja. Herufi ni kubwa na zinang'aa, macho yangu yamepumzika, hilo sikatai. Lakini nilipotaka kuandika neno pembeni mwa ukurasa, penseli iliteleza. Bénie alimcheka babu yake mpaka akakaa chini. "Koko, ile ni kioo!"

Najua kwa nini umenitumia zawadi hii. Mwezi wa tatu tulimzika mama yako bila wewe. Ulisema barabara ya Bunagana ni mbaya. Benny alipita barabara hiyo hiyo wiki ile ile, na akalia kaburini kama vile Henriette ndiye aliyemzaa. Sikuandika neno hili siku zile kwa sababu sikuwa na nguvu. Leo ninazo.

Umesema utakuja Noeli. Njoo kweli. Kuna kitu chako hapa nyumbani, na si kitu cha kumpa Benny akibebe.

Baba yako,
Édouard Habineza

*

Kampala, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Papa mpendwa,

Nimecheka peke yangu dukani, mteja akaniuliza kama niko mzima. Papa, usiandike na penseli, utakikwaruza! Ukitaka kuandika, weka kidole kwenye neno, ulishikilie, kisanduku kitafunguka. Bénie atakuonyesha.

Na jambo moja nakuomba sana, mimi natengeneza vitu hivi kila siku na najua jinsi vinavyokufa. Usiguse kioo kwa mikono yenye mafuta. Nakujua na mandazi ya Mama Kasoki wa pale barabarani. Kula, hakuna anayekukataza, lakini ukimaliza chukua karatasi, futa vidole vizuri, kidole kwa kidole, ndipo ushike.

Nimekuwekea pia mchezo wa dame, huku wanauita drafti. Sasa hutangoja Jumapili baada ya misa ili ucheze na muzee Bulonza kwa vile vifuniko vyenu vya chupa. Huyu wa ndani hachoki, haibi, na ukimshinda hakasiriki. Halafu, utafurahi: nimekitafuta hata kile kitabu kinene cha buluu mlichokuwa mnakisoma wewe na Mama, kile cha yule mjane na shamba lake la mizabibu. Nilihangaika kukipata. Kimo humo chote, hakuna neno lililopungua.

Sasa juu ya mazishi, Papa. Niliogopa. Siyo barabara. Niliogopa kufika na kumkuta amelala pale sebuleni. Noeli nitakuja, nimekwisha omba ruhusa.

Hicho kitu changu ni nini?

Mtoto wako,
Samy

*

Kampala, tarehe 29 mwezi wa sita 2025

Rosine,

Hii ni yako peke yako, nimeiweka katika bahasha tofauti. Nasikia Bénie bado analala sebuleni. Msichana wa miaka kumi na mbili! Na kile chumba kidogo cha nyuma ya pazia kimejaa masanduku ya vitabu, na panya ndani. Sasa Papa anavyo vyote kwenye tableti, na zaidi. Zile karatasi zitoe. Usimuulize, atakataa tu, unamjua. Zitoe polepole akiwa amekwisha zoea tableti, na pazia uliache mahali pake. Akija kuona, atakuwa hazihitaji tena.

Samy

*

Goma, tarehe 17 mwezi wa nane 2025

Kaka Samy,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Nyumba ni ya mbao, Papa anasikia hata nikipumua.

Uliniuliza kama ameizoea. Ameizoea mpaka imepita kiasi. Asubuhi anapeleka tableti kwa jirani mwenye sola kabla hajanawa uso. Anarudi nayo saa nne, anakaa kwenye kiti chake, anacheza dame na huyo mtu wako asiyechoka mpaka chakula kinapoa. Nikimwita anasema, "Niko nakuja, niko namumaliza huyu." Hamumalizi. Alikuwa anamsomea Bénie kila siku akitoka shule, ukurasa kwa ukurasa, na maswali mwishoni kama mtihani. Sasa ni Bénie anayemwonyesha video za watu wanaoteleza na kuanguka, na wanacheka wote wawili. Mwanzoni nilifurahi. Tangu Mama afe sikuwa nimemsikia Papa akicheka. Sasa kicheko hicho kinanichosha, sijui kwa nini.

Muzee Bulonza alikuja Jumapili tatu na kimfuko chake cha vifuniko. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi, Papa akamwambia asubiri kidogo, kuna mtu anamalizana naye. Bulonza akaangalia huku na huku. "Mutu gani, mwalimu? Hapa niko miye tu." Alikunywa chai yake akaenda. Jumapili ya nne hakuja, na Papa hakuuliza.

Vitabu nimevitoa, kama ulivyosema. Masanduku yote sita. Nilimpa Mama Kasoki, anafungia mandazi, na kwa mvua hii karatasi kavu ni shida kupata. Alikuja na mkokoteni Papa akiwa pale pale kwenye kiti. Nakuapia, magurudumu yalipita hatua mbili kutoka miguu yake, akasogeza miguu bila kuinua macho. Bénie ana kitanda chake sasa. Pazia nimeliacha.

Wiki mbili zimepita. Hajaona. Nilidhani nitafurahi kwa hilo pia.

Dada yako,
Rosine Umuhoza

*

Goma, tarehe 20 mwezi wa tisa 2025

Samy,

Nimechelewa kukujibu na sababu yenyewe ni ya aibu. Nilikuwa nacheza. Mtu wako huyo wa dame alinishinda mara arobaini mfululizo, nikaapa sishiki kalamu mpaka nimshinde. Leo asubuhi nimemshinda. Nikainua kichwa nimtambie mtu, sebule ilikuwa tupu. Ndipo nikahesabu siku, nikaona ni miezi mitatu tangu nikuandikie, na zaidi ya miezi miwili tangu nimguse mama yako. Najua ni neno la ajabu. Nitakueleza, maana uliniuliza kitu chako ni nini.

Mimi na mama yako tulisoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja, maisha yetu yote. Nakala mbili za kitabu kimoja hatukuwa na uwezo nazo, na mtu wa kuzungumza naye hatukumpata kila siku, hata sisi kwa sisi. Yeye alitoka alfajiri kwenda na maharage yake sokoni, mimi nikatoka mchana kwenda kufundisha. Kitabu kilibaki nyumbani. Alama yake ilikuwa kipande cha kitenge, yangu kipande cha kartoni. Kila mmoja aliandika pembeni kwa penseli, mwingine akayakuta akifika. Sheria ilikuwa moja: huruki. Usisome ya mwenzako kabla hujaufikia ukurasa wenyewe. Tuligombania humo, tukapatana humo. Kwamba ana mimba yako, yaani kwamba wewe unakuja, nilisoma pembeni mwa ukurasa wa 47 wa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Rosine alifikiri nasahihisha makosa ya wachapaji, na sisi tulimwacha afikiri hivyo.

Alipougua, tulikuwa katika kile cha buluu. Kitandani hakuwa na kazi nyingine, akaniacha nyuma sana, akakimaliza. Kina kurasa 306. Siku tatu kabla hajafa aliniambia, "Ya Samy nimeandika kule mbele, karibu na mwisho. Usiruke, Édouard." Sikuruka. Tangu mwezi wa nne nilisoma ukurasa mmoja kwa siku, pamoja na yote aliyoniandikia mimi. Siku kifurushi chako kilipofika nilikuwa ukurasa wa 112. Piga hesabu: ukurasa mmoja kwa siku, wa mwisho ungeangukia Noeli. Nilitaka uwe umekaa karibu nami. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje kwa ajili yetu, si kwa ajili ya barua. Na pia, niseme ukweli, nilitaka ujute kidogo.

Nimeachia ukurasa wa 131. Nilikilaza kitabu ndani ya sanduku pamoja na wenzake, nyuma ya pazia, kisichafuke, nikasema nitakirudia kesho. Kesho hiyo imekuwa miezi miwili na nusu. Lakini hakijaharibika kitu. Kuanzia kesho, kurasa mbili kwa siku, na Noeli tutafika wote wawili.

Baba yako,
Habineza

*

Kampala, tarehe 1 mwezi wa kumi 2025

Rosine,

Nimekupigia simu mara sita, unakata. Barua ya Papa imenifikia leo. Kimbia kwa Mama Kasoki. Kitabu kinene cha buluu. Kiko ndani ya yale masanduku. Mwambie nitampa karatasi mpya, nitampa chochote anachotaka, asiguse hicho. Kimbia sasa, acha kusoma barua hii.

Samy

*

Goma, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Samy,

Nilikata simu kwa sababu Papa alikuwa amekaa mbele yangu na sikutaka asikie sauti yako. Barua yako ya kukimbia Benny aliileta juzi. Hakuna tena pa kukimbilia.

Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya yeye kukuandikia. Tumetoka misa, akavua koti, akasema leo hachezi. Niliona anaelekea kwenye pazia nikasimama na sufuria mkononi. Akalivuta. Akakiona kitanda cha Bénie, na madaftari yake, na ile picha ya mchezaji aliyoibandika ukutani. Alisimama pale akiangalia kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa.

"Bitabu biko wapi?"

Nikamwambia, "Papa, bilienda tangu mwezi wa nane."

Akakaa juu ya kitanda. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akauliza polepole, "Hata ile ya buluu?" Mimi sikujua kama kuna ya buluu au ya nyekundu, Samy. Kwangu zilikuwa karatasi na panya. Nikasema, "Yote."

Alitoka na kandambili zake mpaka kwa Mama Kasoki, mimi nyuma yake. Mama Kasoki alimpa kiti. Alipoelewa anachotafuta akaenda nyuma, akarudi na kitu cha buluu chembamba kama katekisimu. Uso wa Papa ulifunguka, kisha akakipindua akaona. "Mi nachanaka kuanzia nyuma, muzee," mama wa watu akamwambia, akigusa gundi ya mgongoni. "Mbele iko na gamu mingi." Alikuwa amebakisha mpaka ukurasa wa 90. Papa alizihesabu pale pale. Zote alikwisha zisoma.

Sasa anaenda kila asubuhi. Ananunua mandazi, anafungua karatasi, anaisoma pande zote mbili, mandazi anayaacha kwenye benchi. Wanafunzi wakipita wakila, anawaomba wamwonyeshe karatasi zao. Wengine wanamheshimu, wengine wanacheka. Amepata kurasa za kitabu cha nyuki, za sarufi, za yale magazeti ya misheni. Ya buluu hajapata hata moja. Mama Kasoki anasema hiyo iliisha mwezi wa nane, ilikuwa juu kabisa ya sanduku.

Kwangu hajasema neno la hasira. Ananiambia asante kwa chakula, asante kwa maji ya kuoga. Anazungumza nami kama mpangaji.

Na sasa nisikilize wewe. Mimi nilimgeuza Mama kitandani miezi mitano. Mimi nilimfulia. Mimi nilikuwa pale alipokuwa anaandika katika kile kitabu, nikamwomba apumzike, akaniambia anamalizia kitu kidogo. Sikujua ni cha Samy. Kama aliniandikia na mimi, sijui, hakuna aliyeniambia. Wewe uliandika "zitoe", mimi nikatoa. Barua yako ninayo. Usije Noeli ukanitazama kana kwamba nimeua mtu.

Rosine

*

Goma, tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2025

Samy mwanangu,

Benny anakuletea tableti. Nimeifunga kwa zile zile nguo zako tatu. Haina mkwaruzo, nimeitunza kama ulivyotaka.

Dada yako ameniambia habari ya ile barua yako ya siri. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Siku nzima nilikuandikia maneno ambayo baba hamwandikii mtoto, halafu nikayachoma jikoni. Kisha nikamkasirikia yeye. Kisha siku zikapita na hasira ikawa haina pengine pa kwenda, ikarudi nyumbani. Rosine hakujua. Wewe hukujua. Aliyejua ni mimi peke yangu, na mkokoteni ulipita mbele yangu nikasogeza miguu. Muombe dada yako radhi. Mimi nimekwisha muomba, na hajajua bado afanye nini na radhi yangu.

Kabla ya kuifunga tableti nilifungua kile cha buluu ulichokitafuta kwa shida. Nilikisoma kuanzia pale nilipoachia hadi mwisho, siku nne. Ulisema kweli, hakuna neno lililopungua. Yule mjane anauza shamba na kwenda kuishi kwa dada yake mjini. Mama yako alilijua hilo tangu mwezi wa pili. Nilikuwa namwambia kitandani kwamba mjane hatauza, ni mwanamke mkaidi, na yeye akinisikiliza na kunyamaza, kwa sababu ya sheria yetu. Pembeni mwa kila ukurasa ni peupe. Nilijikuta nasoma ile nafasi nyeupe muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

Nilimwendea Bulonza nyumbani kwake. Alinipokea vizuri, akatoa vifuniko, tukacheza. Hakuna aliyezungumza juu ya zile Jumapili. Anacheza vibaya kuliko zamani, au mimi nimezoea kucheza na kitu kisichokosea.

Unataka kujua mama yako alikuandikia nini, na umeniuliza katika barua mbili na kwa simu ya Bénie. Sijui, Samy. Naweza kubuni. Namjua vya kutosha, ningeweza kukuandikia mistari mitano ukaiamini na kulia. Sitafanya hivyo. Njoo Noeli kama unakuja, lakini ujue hakuna kinachokungoja isipokuwa sisi.

Kuna jambo moja sijamwambia Rosine, na nakuambia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu. Tangu nilipoanza kuokota karatasi kwa Mama Kasoki, nimekuwa nikijiuliza zile za buluu zilimfikia nani. Nikawaza wanafunzi, nikawaza waendesha pikipiki, nikawaza watu wa mtaa wa Keshero wanaopita na magari. Juzi Bénie alinunua mandazi akaniwekea mezani karibu na kiti changu, kama alivyofanya kila siku ya mwezi wa nane, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye karatasi kabla sijaifungua. Hapo nikakumbuka. Mwezi ule wote nilikula mandazi yale nikicheza dame, na karatasi zake zilipita mkononi mwangu moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na penseli pembeni, mistari mingi, midogo, imebanana. Nilidhani ni hesabu za Mama Kasoki. Ilikuwa zamu yangu kucheza na sikutaka kuchafua kioo. Kwa karatasi ile nikafuta vidole vizuri, kidole kwa kidole, kama ulivyoniagiza.

Baba yako,
Édouard Habineza